Siku Niliyochagua Chumba cha Fungate Mbele ya Wakwe

Watu huniuliza kwa nini nikienda kwa wakwe zangu Ewuaso Kedong simu naiacha kwenye gari, na mimi huwajibu kwamba ni heshima tu. Leo wacha niseme ukweli, ingawa masikio yananiwaka hata kabla sijaanza.

Mimi si mtu wa kuchezewa. Niko na diploma ya usimamizi wa hoteli, nilifanya kazi Ghuba, kule Uarabuni, kwenye hoteli ya wapiga mbizi, nikarudi na kujijengea nyumba Kitengela bila kusaidiwa na mtu, lango lina vichwa viwili vya simba (ukipita huwezi kulikosa). Kwa hivyo siku wazee wa kina Naserian, mchumba wangu, waliponiita kuzungumzia tarehe ya harusi, sikuona vyema kwenda na sukari na mablanketi kama wanaume wengine. Nilienda na TV. Kubwa. Pale Kona Baridi upepo ulitaka kuing'oa kwenye pikapu, ikabidi nipande nyuma niikumbatie kama mgonjwa, suti na kila kitu.

"Iwashe, waione, halafu unyamaze," Naserian aliniambia tulipofika. "Baba bado hajaamua."

Alijua anachosema. Baba yake ni mzee wa kanisa, wa maneno machache, na shaka yake ilikuwa kwamba mwanamume aliyezurura ng'ambo miaka yote hiyo ni mtu wa maneno mengi, hawezi kutulia na mke. Akikataa kutoa tarehe, hakuna harusi.

Basi nikaitundika TV ukutani. Sebuleni walikuwa mzee, ndugu yake, dada yake ambaye ni shangazi wa Naserian, na shemeji yangu Lemayian, ambaye hucheka hata kwenye matanga. Mama mkwe alikuwa jikoni, kwa sababu kwao mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja, lakini mlango ulikuwa wazi kidogo na nilijua anasikia kila kitu.

Ningewasha taarifa ya habari ningekuwa salama. Lakini chai ilikuwa inachelewa, mzee amenyamaza, na mimi kimya huniwasha mwili, nikajikuta nimesema, "Wazee, mngependa kuona nitakapompeleka binti yenu fungate? Nilikuwa sijachagua chumba. Tuchague pamoja!"

Naserian akafumba macho.

Nikaunganisha simu na TV, nikaipigia simu ya video hoteli moja ya wapiga mbizi kule Pwani. Bahari ikajaa ukutani, buluu, mzee akainamia mbele.

"Wewe unaingia humo ndani?" akauliza.

"Mzee, Ghuba nilikuwa naishi majini." (Nilikuwa idara ya kufua taulo. Ni majini pia.)

Dada wa mapokezi alikuwa na adabu zake zote. "Karibu sana bwana harusi! Nifuate nikuonyeshe." Akafungua mlango, na hapo, mbele ya mzee wa kanisa, kikatokea kitanda. Kitanda kipana kama kanisa lenyewe, maua mekundu yamemwagwa juu yake, na taulo mbili zimekunjwa kama bata wanaobusiana.

"Onyesha mandhari tu, dada," nikasema haraka.

"Ndiyo, bwana, mandhari unayaona vizuri ukiwa bafuni. Bafu halina ukuta, ni kioo kitupu, maharusi hulipenda sana."

Jikoni kifuniko cha sufuria kikaanguka.

"Kioo?" mzee akauliza. "Na nani anaoga hapo?"

Lemayian akatoka nje akiwa ameuma shati lake. Nikabonyeza simu kukata, ikakatika, lakini TV ikaganda pale pale kwenye kitanda na bata. Nikatafuta rimoti. Mzee alikuwa ameikalia, na nani atamwambia mzee ainuke? Ndugu ya mzee, kwa kutuokoa, akasema tuombe kabla ya chai, tukaomba tumekaa vile vile, tukiwa tumekitazama kitanda kile, na hata nikizama kwa aibu niliona kwamba bata wa kushoto shingo yake imekunjwa vibaya.

Baada ya amina, shangazi akavua shuka yake nyekundu ya begani, akaifunika TV kama mtu anayefunika maiti.

Nikapumua. Ndipo simu ikaita, na kidole changu cha mtu aliyesoma hoteli kikapokea chenyewe.

"Bwana harusi, tulikatika," TV ikasema chini ya shuka. "Nilitaka kukuuliza, unajua kuogelea? Maana chumba hicho ngazi zake zinashuka moja kwa moja hadi kwenye maji marefu."

Wote wakanigeukia. Mzee hakupepesa macho. Ningeweza kusema ndiyo, nilikuwa nimezoea kujigamba.

"Sijui," nikasema. "Hata kidogo."

Kukawa kimya, hiki nikakiacha kama kilivyo. Kisha sauti ikatoka jikoni, ya kwanza niliyowahi kuisikia ikinihusu: "Mwambieni achukue chumba cha nchi kavu. Na kiwe na ukuta!"

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Nilidhani ni hasira, kumbe mzee anacheka, machozi yanamtoka. "Haya," akasema, "leo umejibu kwa maneno machache. Tarehe tutakupa."

Chumba tulichopata kilikuwa nyuma kabisa, ukuta kila upande, jirani na mashine ya kujazia hewa mitungi ya wapiga mbizi, inanguruma tangu alfajiri. Naserian alisema ni kizuri mno. Na mimi niliapa kwamba sitachagua tena kitu chochote chenye kitanda mbele ya watu wazima, ila wakwe zangu hawajaniamini. Mpaka leo nikibisha hodi pale Ewuaso Kedong, kabla sijakaribishwa kiti, shangazi huinuka kwanza akaifunika TV.