Kengele Kubwa Sasa Iko Mikononi mwa Britta

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumapili. Arlys Tollefson amevaa glovu zake nyeusi na anapanga kengele nne ndogo juu ya meza iliyotandikwa godoro jembamba. Anazipanga bila kuziangalia. Macho yake yako ng'ambo.

Meza za kengele katika kanisa la Kilutheri la Nordal, Minnesota, zimepangwa kwa umbo la kiatu cha farasi. Kengele nzito ziko ncha ya kushoto na nyepesi ncha ya kulia, kwa hiyo wapigaji wa ncha hizo mbili hutazamana uso kwa uso. Huko ng'ambo, msichana wa miaka ishirini na saba anainua kengele kubwa kuliko zote, yenye uzito wa karibu kilo nne, kama mtu anayemnyanyua paka.

"Mwone," anasema Arlys kwa sauti ya chini. "Hata uso hakunji. Mimi niliukunja miaka kumi na tisa."

Msichana huyo ni Britta Haugen, msaidizi wa daktari wa mifugo. Siku za kazi huvuta ndama matumboni mwa mama zao. Jumapili anapiga kengele ambazo, kwa miaka kumi na tisa, hakuna aliyezigusa ila Arlys.

Arlys ana miaka sitini na mmoja. Ni mpishi wa shule ya msingi hapa mjini, kwa dola kumi na tisa kwa saa. Kila siku hupikia watoto mia mbili na themanini, na masufuria ya shule hayainuki yenyewe. Julai iliyopita, akishusha gunia la viazi, alisikia kitu kikikatika begani.

"Daktari alisema nisiinue kitu kizito zaidi ya galoni moja ya maziwa," anasimulia. "Nikamuuliza, na kengele? Akacheka. Alidhani natania."

Septemba, mazoezi yalipoanza, Mwalimu Duane Ostby, kiongozi wa kikundi na mwalimu mstaafu wa muziki, alimwita pembeni. Akamwambia atahamia upande wa kengele ndogo, ambako mpigaji hushika mbili katika kila mkono. Kubwa atapewa mgeni, Britta.

"Nilisema sawa, Mwalimu, asante. Kisha nikaenda kukaa garini dakika ishirini na injini imezimwa."

Anayezisikia kengele hizi akiwa kwenye benchi anaweza kudhani ni mchezo wa kutikisa mkono. Ziko kengele arobaini na tisa na wapigaji kumi na mmoja, na kila mmoja ana sauti zake tu. Asipofika mmoja, hakuna wa kumshikia nafasi. Wimbo unatoka na mapengo kama mdomo wa mtoto wa miaka sita.

Ndiyo raha yake pia. "Kwenye kwaya ukikohoa, wenzako wanaendelea," anasema Arlys. "Hapa nota yako ni yako. Ukiipiga mahali pake, unahisi wimbo mzima umepita mkononi mwako. Miaka kumi na tisa mimi ndiye niliyekuwa sakafu ya nyumba. Sasa ni kigae kimoja huko juu ya paa."

Na wivu? Haufichi.

"Ninao. Andika hivyo hivyo. Namwonea wivu bega lake. Namwonea wivu hata namna anavyofunga nywele."

Wivu huo ulizaa kosa la kwanza, ambalo hadi leo hajawahi kulisema hadharani. Katika kikundi hiki, anayeachia kengele humkabidhi mrithi wake kitabu chake cha nota, ambamo amezungushia nota zake kalamu ya rangi: nyekundu kwa mkono wa kulia, bluu kwa wa kushoto, na pembeni maonyo ya miaka. *Vuta pumzi hapa. Usimwangalie Duane, anachelewa.* Bila kitabu hicho, mgeni huanza kutafuta nota zake kwenye ukurasa uliojaa nota za watu wote.

Arlys alisema kitabu chake kimepotea. Kilikuwa jikoni kwake, kwenye droo ya vitambaa vya kufutia vyombo.

Kosa la pili lilisikiwa na kanisa zima. Ilikuwa Jumapili ya shukrani ya mavuno, mwezi Oktoba. Arlys alisimama na kengele zake ndogo nne, akafungua ukurasa, na macho yake yakashuka yenyewe hadi mstari wa chini kabisa, mahali yalipozoea kukaa. Akaanza kupiga. Kila kengele kubwa ya Britta ilipolia, kengele ndogo ya Arlys ililia nayo papo hapo. Juu, kwenye nota zake halisi, kimya.

"Mistari miwili mizima!" anasema Bernadine Kvam, anayesimama kushoto kwake. "Nikamkanyaga mguu. Akanikanyaga na yeye."

Walipomaliza, Mwalimu Duane alikunja karatasi zake akasema, "Haya. Hiyo ilikuwa tofauti."

Watu wa Nordal hawagombani. Wakisema kitu kilikuwa tofauti, mhusika anaweza kwenda nyumbani akalie.

Garini, walipopita ghala la nafaka, mumewe Lowell alimgeukia. "Mama," akasema, "ulikuwa unamwita muuza aiskrimu?"

"Endesha gari, Lowell."

"Naendesha. Nauliza tu, maana kama angekuja, ningetaka ya vanila."

Hata Britta alikuwa na shida zake. Nguvu alikuwa nazo, tatizo lilikuwa kunyamazisha. Kengele kubwa haiachi kulia kwa sababu umemaliza nayo. Ni lazima irudishwe mwilini au iguswe kwenye godoro la meza kwa wakati wake, la sivyo sauti yake inaingia juu ya nota inayofuata na kuchafua kila kitu. Ya Britta ilichafua wiki sita mfululizo.

Jumatano moja ya Novemba, Mwalimu Duane alitangaza uamuzi. Kwa ibada za Majilio, wiki nne kabla ya Krismasi, kengele kubwa zitabaki kwenye masanduku yake. Kikundi kitapiga bila sauti za chini.

"Nilifurahi," anasema Arlys. Anavua glovu moja, anaivaa tena. "Nilifurahi mpaka nikafika mlangoni. Nikamwona Britta anazipangusa, moja moja, anazilaza sandukuni. Alikuwa analia lakini anapangusa vizuri, anafuata mzunguko wa shaba. Hakuna aliyemfundisha hilo. Nikajiambia, Arlys, kengele zako zitakaa gizani Krismasi nzima kwa sababu ya droo yako."

Jumamosi iliyofuata, saa nane mchana, alimpigia simu Britta wakutane kanisani. Alikwenda na kitabu cha nota chini ya kwapa na sahani ya viazi vya kuokwa na nyama ya kusaga, kwa kuwa Nordal huombi msamaha mikono mitupu.

Britta anayakumbuka mazungumzo hayo neno kwa neno.

"Nikamwambia, Mama Arlys, kumbe kilipatikana!"

"Hakikupotea," Arlys alimjibu. "Nilikificha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu unazipiga kengele zangu."

Britta anasema aliuliza kama viazi vile vina jibini. Vilikuwa nayo. Wakala kwanza.

Kisha wakafanya kazi saa mbili. Arlys hakugusa kengele hata moja. Alisimama nyuma ya Britta akimshika kiwiko. "Unachelewa kwa sababu unaisubiri uisikie," alimwambia. "Usiisubiri. Anza kuirudisha kabla hujamaliza kuipenda."

"Inauma kuiacha mapema," Britta alisema.

"Unaniambia mimi?"

Jumatano iliyofuata Mwalimu Duane alisikiliza wimbo mzima pamoja na kengele kubwa, akautaka tena, halafu akaenda mwenyewe kuyatoa masanduku matupu yasizibe njia.

Leo ni Jumapili ya pili ya Majilio. Kanisa limejaa, na makoti mazito yamerundikwa hadi dirishani. Kikundi kinafika kwenye nota ya mwisho, kengele kubwa peke yake, ndefu. Britta anaizungusha kutoka kiunoni. Sauti inashuka hadi kwenye mbao za sakafu, mtu anaisikia kwenye nyayo. Kisha anairudisha mwilini, na inakatika safi.

Arlys ameinamisha kichwa. Anayemwona akiwa kwenye benchi angesema anaomba.

"Sikuwa naomba," anasema baadaye, huko chini kwenye ukumbi wa kahawa. "Nilikuwa nauma meno. Alipiga vizuri kuliko mimi. Nimemfundisha, na amenipita, na roho inaniuma kama jino. Mtu asikudanganye kwamba ukitenda jema wivu unaondoka. Umekaa pale pale. Umevaa nguo safi tu."

Februari atapasuliwa bega. Daktari anasema huenda miezi sita, huenda zaidi, na kuhusu kengele kubwa hasemi lolote. Arlys ameshaacha kumuuliza. Badala yake, kila jioni baada ya kazi anakaa mezani jikoni na vijiko vinne, viwili kila mkono, akijifunza kukipiga kimoja bila kukitikisa kingine. Lowell anakula supu kwa uma.

Ukumbini, watu wamebaki wachache. Mlango wa juu uko wazi, na kutoka kanisani inasikika milio midogo iliyochanganyikana, inagongana, inaacha, inaanza tena. Arlys anaweka kikombe chini na kupanda ngazi taratibu.

Britta amesimama ncha ya kulia ya meza, peke yake, na kengele ndogo nne mikononi. Kila akitaka kupiga moja, mbili zinalia. Amekunja uso.

"Mama Arlys, hizi unazishikaje?" anauliza bila kugeuka. "Najaribu tangu wiki iliyopita. Wewe mbona zinakutii?"

Arlys anaegemea mlango. Kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu hadi meno yanaonekana.

"Nitakufundisha, mwanangu," anamwambia. "Lakini si mwaka huu."