Cheti cha Rukia

Nakumbuka ilikuwa Alhamisi, saa nane na robo mchana, kocha aliponiita pembeni ya uwanja pale Korogwe. Nilikuwa na miaka kumi na minane na miezi miwili. Mdogo wangu Rukia, nakuandikia wewe, maana cheti cha kuzaliwa kilichotakiwa siku ile kilikuwa chako.

Unajua nilivyo. Darasani nikiulizwa swali nilijibu huku naangalia dawati. Uwanjani ndipo ninapopata mdomo, kwa sababu beki wa kati akinyamaza timu inafungwa. Kocha akasema klabu moja ya Dar inakuja Jumamosi kuchagua mabinti wa chini ya miaka kumi na saba.

"Mimi nimeshapita umri huo, kocha."

"Si una mdogo wako? Kesho njoo na cheti chake. Sura mnafanana."

Sikubisha. Nilipanda basi hadi nyumbani Kabuku, nikatoa cheti chako kwenye sanduku la mama, nikakificha ndani ya daftari. Wewe ulikuwa uani unapiga danadana, unahesabu kwa sauti. Ulifika thelathini na moja. Nilihesabu na wewe.

Babu Mbwana alikuwa kibarazani ananyoosha lile goti lake bovu. Nikamwamkia.

"Marahaba. Mbona unatembea kama umeiba kuku?"

Babu simuwezi. Nikamweleza yote. Hakunifokea.

"Timu ya shamba la mkonge ilichezesha wafanyakazi tu," akasema. "Mimi nilikuwa mdogo, hawaniandiki. Nikachukua kipande cha kaka yangu Salimu, ile kadi ya kazi, nikacheza beki miaka minne. Watu wanashangilia Salimu, na mimi naitika. Siku Salimu mwenyewe alipokuja kuomba kazi, karani akamwambia, Salimu tunaye. Akarudi Handeni kwa miguu. Nilimwona, mjukuu wangu. Nikanyamaza."

"Alikusamehe?"

"Alinisamehe. Lakini mpaka anakufa, mimi aliniita Salimu."

Mdogo wangu, wiki hii umeitwa kikosi cha vijana, kwa jina lako. Mimi nina mkataba wangu wa kwanza na timu ya wakubwa, na mechi sita sasa nakaa benchi. Sitakuficha, moyo hautulii. Kocha akiinuka tu, naanza kufunga kamba za viatu. Kuna siku nafikiri kile cheti chako kingenifikisha mbali zaidi. Lakini wakija kukuomba upunguze umri, au uazime jina la mtu, kataa. Utakuwa unamfungia mwenzako mlango, na yeye yuko uani anacheza, hana habari. Mungu akupe miguu mizima na pumzi ya dakika tisini, na ukizeeka uwe na watu wa kukuita Rukia.

Basi Ijumaa ile asubuhi, baada ya maneno ya babu, nilirudisha cheti chako sandukuni, nikachukua changu, nikawahi basi la kwanza. Kocha alikuwa ameinamia karatasi ya majina.

"Nikuandike nani?"

Nikamwambia.

"Sisikii."

Nikavuta pumzi, nikasema Asha, jina la baba na la babu, miaka kumi na minane, kwa ile sauti ninayopangia mabeki, mpaka wenzangu waliokuwa wanavaa soksi upande wa pili wa uwanja wakageuka.