Bidoni ya Maji ya Fromaji

Jua bado halijapanda juu ya vilima vya Burungu, na Emérita Umugwaneza ameshafika kwenye mlango wa darasa la tatu. Mgongoni amembeba Shema, mwanawe wa miaka mitatu, ambaye bado amelala. Nyuma yake anakuja binti yake Elodie, ameshika bidoni, dumu la plastiki lisilo na kitu.

Kengele hailii na mwalimu haonekani. Mlangoni pananing'inia kipande cha turubai. Ndani, madawati yamesukumwa ukutani na kupandishwa moja juu ya jingine, na familia nne zimegawana sakafu kwa kamba na mashuka.

Mama mmoja mwenye mvi anatoka akijifunga kitenge. Bila kuambiwa neno anageuka na kuinama. Emérita naye anageuka, na mtoto anahama kutoka mgongo mmoja kwenda mwingine bila kufumbua macho.

"Alikohoa kidogo," Emérita anamwambia.

"Nitamupashia maji," yule mama anajibu.

Emérita anachukua bidoni na kushika njia ya kuteremka kwenye kiwanda cha maziwa. Hatazami nyuma.

"Zamani nilikuwa nageuka kila hatua," anasema. "Leo sigeuki tena. Najua mutoto iko mahali."

Kiwanda chenyewe ni nyumba ya mbao iliyoezekwa bati, chini kidogo ya malisho. Hapo hutengenezwa jibini, ambayo huku kila mtu huiita fromaji. Asubuhi wachungaji huleta maziwa kwa miguu au kwa pikipiki. Wanawake huyachuja, huyapasha moto, kisha huyatia dawa ya kuyagandisha. Kazi ya Emérita ni hiyo ya mwisho. Anatia dawa, anasubiri, na kila mara anagusa maziwa kwa mgongo wa kidole mpaka aone yamefikia kukatwa.

Ni kazi ya kusimama mahali pamoja.

"Maziwa yenye umetia dawa haikungojei," anaeleza. "Ukitoka kidogo uangalie mutoto, unarudi unakuta imekaza. Fromaji ya siku nzima imeharibika, na ni maziwa ya bantu."

Kwa kazi hiyo analipwa kila mwisho wa wiki, sehemu kwa pesa na sehemu kwa fromaji iliyopasuka ambayo haiwezi kuuzwa mjini. Kazi hiyo ndiyo inayolisha nyumba. Mume wake, Hilaire, alikwenda Walikale kutafuta kazi na sasa anawabebea wafanyabiashara mizigo kwenye njia za kuelekea machimbo ya Bisie. Hupiga simu akipata mtandao, na hutuma kitu akimpata msafiri mwaminifu.

"Hilaire iko anatafuta kule, mimi niko natafuta hapa," Emérita anasema. "Batoto banabaki katikati."

Zamani shule ndiyo iliyojaza hiyo katikati. Elodie alikuwa darasa la tatu, na Shema alikuwa ameanza kupelekwa kwenye shule ya watoto wadogo karibu na kanisa. Kisha vita vikasogea, na watu wakavuka vilima na magodoro vichwani. Walifika mvua ikinyesha, na mtu akawafungulia madarasa. Hakuna aliyetoa amri ya kufunga masomo. Asubuhi iliyofuata walimu walikuta watu wamelala kila mahali, wakarudi nyumbani.

Wazazi wa Burungu walijipanga kila mmoja kwa namna yake. Wengine waliwapeleka watoto shambani na kuwaweka chini ya mikaratusi. Wengine waliwafungia nyumbani na kumwachia jirani ufunguo, na jirani naye akaenda kulima na ufunguo ukiwa kwenye fundo la kitenge chake.

Emérita alimwachia Elodie mdogo wake. Haikuchukua muda. Siku moja Elodie alikwenda kuchota maji, na Shema akaifuata njia ambayo alikuwa amemwona mama yake akiipita. Aliingia kiwandani kwa mlango wa nyuma. Jean de Dieu, kijana anayeleta maziwa kwa pikipiki, alimkuta amekaa karibu na jiko, mkono ameunyoosha kuelekea pipa la maji yanayochemka. Alimnyanyua kwa shati.

Mtoto hakuungua. Alilia kwa kushtuka, na Jean de Dieu akampa ndizi aliyokuwa ameiweka kwa ajili yake mwenyewe.

Mwenye kiwanda, Papa Sebahire, alimwita Emérita pembeni. Hakupaza sauti.

"Mama Elodie, mimi pia niko na bajukuu," alimwambia. "Moto ikikamata mutoto hapa, sitaweza kulala tena. Mpaka Jumatatu utafute mahali pa kumuweka. Ukikosa, nitatafuta muntu mwingine."

Kisha akakata kipande cha fromaji, akakifunga kwenye jani la mgomba na kumpa Shema, na mama na mwana wakaenda zao.

Emérita alizunguka kwa majirani. Mmoja alikuwa na mgonjwa, mwingine alikuwa analima ng'ambo ya mto, na wa tatu alikuwa na watoto wengi kuliko sahani. Hakuna aliyemfukuza. Kila nyumba ilimpa kiti, ikamsikiliza, na ikasikitika naye. Jumapili baada ya misa alibakiwa na mahali pamoja tu pa kuuliza, napo hakupapenda.

"Nilikuwa na hasira na bale bantu banalala pale masomo," anakiri. "Nilikuwa nasema, ni bo njo balifungia Elodie darasa, na mimi pia banataka kunifungia kazi."

Alikwenda shuleni kumtafuta mlinzi, amwombe amlinde Shema walau katika chumba cha kuwekea majembe. Mlinzi hakuwepo. Alipokuwa akichungulia ofisi ya mkurugenzi wa shule, Shema alimponyoka, akapita chini ya turubai ya darasa la tatu. Emérita alimkuta ameketi kwenye mkeka kati ya watoto wawili, anakula hindi la kuchoma.

Aliyempa hindi ni Agathe Habineza, yule mama mwenye mvi ambaye sasa humpokea kila asubuhi, mkulima kutoka milima iliyo mbele ya Lushebere. Binti yake huamkia kupalilia mashamba ya watu, na yeye hubaki na wajukuu.

Kabla Emérita hajasema neno, Elodie alikuwa amesimama akitazama dawati moja karibu na dirisha. Juu yake palikuwa na sufuria, chumvi na sabuni. Agathe alimtazama mtoto, akalitazama dawati. Akaondoa sufuria, akaondoa chumvi, akafuta ubao wake kwa ncha ya kitenge.

"Ni hapa njo ulikuwa unakaa?" alimuuliza. "Kaa basi. Ni yako."

Emérita anasema hasira yake iliishia hapo, na machozi yakaanzia hapo. Alieleza yote: jiko, pipa, neno la Papa Sebahire. Agathe alisikiliza mpaka mwisho huku akipukuchua mahindi.

"Umulete kesho," alisema. "Niko nalinda babili. Wa tatu hatanivunja mugongo."

Jumatatu Emérita alikuwa mbele ya maziwa yake, na nafasi yake haikwenda kwa mtu mwingine. Ila jambo moja lilimsumbua. Agathe alikataa malipo na kusema yeye si mtumishi. Kumwendea mikono mitupu kila siku, Emérita hakuweza. Akafikiria kitu ambacho kiwandani hakikosekani kamwe.

Maziwa yakishaganda na kubanwa, hubaki maji ya rangi ya manjano yenye ukijani kidogo. Wanawake wa kiwanda huyanywa yakiwa vuguvugu, na nyumbani huyapikia uji. Shema na Elodie wamekuzwa nayo. Yanayobaki hupelekwa kwa nguruwe wa Papa Sebahire.

Emérita alijaza bidoni na kumtuma Elodie. Agathe aliifungua, akanusa, akauliza ni nini. Elodie alifundishwa kusema kweli, akaisema yote.

"Ni maji ya fromaji," alijibu. "Ingine tunapatiaga nguruwe."

Kwao Agathe alikuwa akifuga nguruwe, na maji hayo alikuwa akiyamimina kwenye hori lao. Alikuwa hajawahi kumwona mtu akiyanywa. Alimshukuru mtoto kwa adabu na kuiweka bidoni nje ya mlango.

Asubuhi iliyofuata Emérita aliikuta pale pale, imejaa. Agathe alitoka, lakini hakugeuza mgongo.

"Dada, leo sitaweza," alisema.

Sababu aliitoa mwanamke mwingine, ambaye alikuwa ndani, nyuma ya shuka lililoanikwa kwenye kamba. "Tulikuja huku na miguu mbili, Mama," alisema. "Hatukukuja na miguu ine kama nguruwe."

Emérita alimgeukia Elodie, na Elodie akainamisha kichwa. Hapo akaelewa. Maziwa yalikuwa yanakaribia kufika, na kutoka pale mlangoni aliweza kusikia pikipiki ya Jean de Dieu ikipanda mlima. Angeweza kuomba msamaha na kukimbia. Angeweza pia kurudi na mtoto kiwandani na kulisikia tena lile neno la Papa Sebahire, safari hii likiwa la mwisho.

Badala yake aliomba kikombe.

Alipewa cha bati. Alijimiminia maji ya fromaji ya jana, ambayo yalikuwa yameanza kuchachuka, akayanywa mpaka chini. Akammiminia Elodie, naye akanywa. Shema aliamka kwa harufu, akanyoosha mikono juu ya bega la mama yake, akalia mpaka akapewa chake. Alikimaliza na kuomba kingine.

"Nyumbani tunakunywaga hii kila siku," Emérita alimwambia Agathe. "Sikukuletea ya nguruwe. Nguruwe njo zinakulaga yenye sisi tunabakisha."

Agathe alimtazama mtoto mwenye masharubu ya maji ya fromaji mdomoni. Akachukua kikombe, akaonja, akakunja uso. Akaonja tena.

"Kumbe nguruwe ya huku iko inaishi muzuri kuliko sisi," alisema.

Nyuma ya shuka mtu alicheka, kisha chumba kizima kikacheka. Agathe alifunga upya kitenge chake, akageuka, akainama.

Emérita alikimbia njia nzima. Kiwandani alimkuta Papa Sebahire mwenyewe amekunja mikono ya shati la kazini, amesimama mbele ya maziwa na kuyagusa kwa kidole, kama mtu anayekumbuka kazi ya ujana wake.

"Osha mikono," alimwambia, akampisha.

Tangu siku hiyo bidoni huenda shuleni imejaa na kurudi tupu. Agathe hupika uji wa mahindi kwa maji hayo, na mwanamke wa nyuma ya shuka, aliyesema neno la miguu minne, ndiye anayekuwa wa kwanza kuleta sahani. Mama wawili wengine wa kiwandani nao wameanza kuwaleta wadogo wao. Agathe amewaambia wasilete zaidi, kwa sababu macho yake hayatoshi, kisha juzi akampokea mwingine ambaye mama yake alikuwa na homa.

Elodie hukaa kwenye dawati lake karibu na dirisha. Sufuria hazijarudi pale. Alipata vipande vya chaki kwenye pembe ya darasa, na wadogo huketi chini wakimtazama akiandika majina yao ubaoni. Jina la Agathe lipo juu kabisa. Agathe mwenyewe anasema analitambua kwa sababu ndilo refu.

Lakini mpango huo umejengwa juu ya kitu ambacho Emérita na Agathe wote wawili wanataka kiishe. Masomo yatarudi siku ambayo wanaolala madarasani watapata pa kwenda. Elodie atarudi kwa mwalimu wake, na Agathe atarudi kwenye shamba lake, ambalo anahofia limeshakuwa kichaka. Shema atabaki bila mgongo wa kuhamia.

Emérita ameshazungumza na Papa Sebahire. Ameahidiwa mbao za zamani na sehemu ya kiwanja juu ya kiwanda, mbali na moto, iwe nyumba ndogo ya watoto wa wafanyakazi. Akina mama wa kiwandani watakandika wenyewe. Jean de Dieu amesema atabeba udongo kwa pikipiki, mradi asiombwe kubadilisha nepi. Kilichobaki ni mtu wa kuwalinda watoto.

"Namuombea Mama Agathe afike kwake," anasema. "Siku ile nitalia. Nitamubebea muzigo mpaka barabarani, halafu nitarudi kutafuta mwingine mwenye mugongo kama ule."

Alasiri anapanda tena kilima, safari hii bidoni ikiwa nzito. Agathe anamsubiri mlangoni, Shema akiwa ameshika kitenge chake kwa mkono mmoja. Humuuliza swali lile lile kila siku, na leo pia anauliza.

"Umebakishia nguruwe?"

"Kidogo," Emérita anajibu.

Agathe anapokea bidoni kwa mikono miwili na kuipima uzito. Kisha anasema kwamba kutoka kwake mpaka hapa si mbali sana kwa mtu mwenye kutembea pole pole, na kwamba siku nyumba ya watoto itakapokandikwa, hata kama amesharudi kwake, wamwite aje na mkeka wake aone kama dirisha liko upande wa jua.