Siku Baba Aliposikia Spika

Cheka ukimaliza kunisikiliza, usicheke kabla. Haya niliyaona kwa macho yangu mawili, alasiri, jua linawaka, sijaonja hata tone la pombe na sina homa. Sikusimuliwa na mtu, wala sikuota. Nimefundisha Baiolojia miaka mingi hapa Bariadi, nimepasua vyura mbele ya wanafunzi mpaka nimesahau idadi yao, kwa hiyo usidhani mimi ni mtu wa kuogopa kivuli chake.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Unaikumbuka? Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa redio kaseti na sabuni za kunukia. Mitumba ikamwagwa chini sokoni. Pamba, ambayo tulizoea kuwauzia watu wa ushirika peke yao, ikaanza kununuliwa na matajiri wenye malori yao. Kila kitu ruksa! Na mimi, bado kijana, nina kabati la vitabu na ulimi mrefu, nikaona basi hata kusema Mungu hayupo ni ruksa. Nilisema kwenye kijiwe cha kahawa, nikasema kwenye chumba cha walimu, nikasema hata kwenye harusi za watu. Wakanibatiza Mwalimu Hakuna. Nilikuwa nalipenda jina hilo, nakiri.

Wakati huo mihadhara ilikuwa imepamba moto. Waislamu wanafunga spika upande huu wa uwanja wa soko, Wakristo wanafunga upande ule, kila mmoja kashika kitabu cha mwenzake, wanabishana tangu adhuhuri. Niamini, hakukuwa na video iliyoshinda mihadhara kwa utamu. Siku ninayokusimulia, upande mmoja alisimama Ustadhi Salumu, muuza vitambaa wa hapa mjini, na upande wa pili mwinjilisti mgeni aliyevaa suti nzito. Nikawasikiliza mpaka uvumilivu ukanishinda. Nikapenya katikati ya watu, nikaomba kipaza sauti. Wakanipa! Kila mmoja alidhani nakuja kumsaidia yeye.

"Ndugu zangu," nikasema, "hawa wanagombania funguo za nyumba ambayo haijawahi kujengwa."

Watu wakaangua kicheko. Hapo nikapata moto.

"Betri za redio zikiisha, wimbo unakwenda wapi? Unakwenda mbinguni? Hauendi popote, umekwisha. Na mtu ni hivyo hivyo. Mungu hayupo, mizimu haipo, na kama kuna marehemu anayebisha, aje anieleze mwenyewe!"

"Pepo, toka!" akapiga kelele mwinjilisti.

"Mwalimu," akasema Ustadhi Salumu kwa upole wa kuudhi, "sisi tunabishana tu. Wewe unatutukana wote."

Kwa mara ya kwanza siku ile wale wawili wakakubaliana. Mimi nikarudisha kipaza sauti, nikapanda baiskeli yangu kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Nilikuwa naishi na mama yangu ng'ambo ya mto, kama nusu saa kwa baiskeli. Kiangazi mto wetu huwa mchanga mtupu. Watu huchimba visima vifupi mle mchangani, wakangoja maji yajikusanye, wakateka kwa kata. Nilipofika nikashuka, maana gurudumu halisogei kwenye mchanga. Palikuwa na mzee mmoja tu, amechuchumaa, amenipa mgongo, anachimba.

"Mwadila, baba," nikamsalimu, kama unavyomsalimu mzee yeyote kwetu saa hizo.

"Mwadila," akajibu bila kugeuka.

Baiskeli ikaniponyoka. Sauti ile naijua! Na koti lile nalijua, koti la kijivu lenye kiraka cha kaki mgongoni, kiraka alichokishona mama. Lilikuwa koti la baba yangu. Tulimzika nalo, kwa sababu alikuwa hataki kutengana nalo, na mimi mwenyewe ndiye niliyemvalisha. Ilikuwa imepita miaka minne.

Niliogopa, ndugu yangu. Niliogopa mpaka masikio yakaanza kuvuma. Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Ungekimbia wewe, kwa miguu gani? Yangu haikuwepo tena.

Akageuka. Uso ule ule, ndevu zile zile chache, ila hakuwa na jasho hata tone, na jua lile, na koti lile.

"Nimesikia spika," akasema. "Nikasema, huyo ni mwanangu."

"Baba," nikasema, "wewe ulikufa."

"Najua. Nilikuwepo."

Nakuapia, alijibu hivyo, na hakuwa anatania. Kisha akaweka kata chini, akajipangusa mchanga magotini.

"Usiku ule nilikuuliza kitu," akasema. "Ukaniambia, pumzika baba, tutaongea asubuhi. Nikangoja asubuhi."

Nilikumbuka. Ningesahauje? Baba hakuwa mtu wa kanisa wala msikiti. Alikuwa na ng'ombe wake na matambiko ya mababu zake, na alipomwona mama anabatizwa alicheka tu. Lakini usiku wake wa mwisho, pumzi imekuwa fupi, alinishika mkono akauliza, "Wewe uliyesoma, huyu Mungu wa mama yako yupo au hayupo?" Mimi nilikuwa nimekesha siku tatu. Nilitaka kulala.

"Baba, wewe ndiye uliyekufa!" nikasema, na sauti yangu ikawa kama ya mtoto. "Wewe ndiye wa kuniambia mimi!"

"Ningejua ningekuuliza?" Akaonyesha mchanga kwa mkono. "Sijamwona. Hata babu yako sijamwona, na mbuzi wote wale niliomchinjia. Nipo hapa hapa. Watu wanakuja, wanateka maji, wanaondoka, hakuna anayenisalimu. Leo nimesikia unasema hakuna kitu, kwa sauti kubwa, wala husiti. Nikafurahi. Nimechoka, mwanangu. Basi niambie na mimi hapa, uso kwa uso. Ukisema hakuna, nitakuamini wewe, nitajilaza niishe. Ukisema yupo, nitaondoka nikamtafute. Niambie lolote nitoke hapa."

Sasa fikiria. Nusu saa iliyopita nilikuwa nimewaambia watu mia kadhaa, tena kwa spika mbili. Neno lilikuwa mdomoni bado lina joto. Nikafungua mdomo nimwambie baba yangu hakuna, umekwisha, lala. Halikutoka. Nikasema basi nimwambie yupo, nimdanganye tu mzee wa watu apumzike. Nalo likakwama. Nilimwangalia anavyoningoja, nikaanza kulia.

"Sijui, baba," nikasema.

"Hujui?"

"Sijui."

Akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia zamani nikirudisha ng'ombe pungufu.

"Na ng'ombe wote wale niliouza usome?" akasema.

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Alichuchumaa tena, akashika kata, akaendelea kuchota mchanga wake. Niliinama kuokota baiskeli, na nilipoinua kichwa hapakuwa na mtu. Kisima kilikuwepo, kina maji kidogo ya tope.

Nilifika nyumbani nimeburuta baiskeli njia nzima, sikukumbuka hata kuipanda. Mama alikuwa anapepeta mtama. Nikamweleza yote, nikijua atapiga ukunga. Hakupiga. Aliweka ungo chini akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ungemwambia yupo," akasema.

"Lakini siamini, mama."

"Nani kakuuliza unaamini nini? Baba yako amekaa juani miaka minne anataka neno moja. Ungesema yupo, angekwenda. Hata ungesema hayupo, angelala. Wewe ukaenda kumwambia hujui!"

Akajifunga khanga yake vizuri, akachukua fimbo. Nikasimama nimfuate, akanikemea nikakaa. Nilibaki pale uani nahesabu hatua zake mpaka zikapotea. Jua lilikuwa limeanza kugusa vilima aliporudi, miguu imejaa mchanga.

"Amekwenda," akasema.

"Umemwona? Umemwambia nini?"

"Nimemwambia, Baba Mhoja, yupo, nenda." Mhoja ni dada yangu mkubwa, na mama alimwita baba kwa jina hilo maisha yake yote. "Akasema wabeja."

Wabeja ni asante kwa Kisukuma. Baba alikuwa akilisema kwa mtu yeyote aliyempa maji. Mama akarudi kwenye ungo wake.

Je, alimwona kweli? Au aliona hali yangu akanipa neno la kunilaza, kwa sababu yeye hakuwa mchoyo kama mimi? Nilimuuliza mara nyingi baadaye, akawa ananiambia nile ugali unapoa. Sasa naye ametutoka, na hakuna wa kumuuliza tena.

Niliwapelekea kisa hiki Ustadhi Salumu na mchungaji wa mama. Kila mmoja, bila kujua mwenzake kasema nini, akaniambia lile lilikuwa jini. Walokole wakaniambia nimeona ishara, niokoke. Ishara gani? Huyo aliyenijia mwenyewe alikuwa hajui! Wenzangu wa vitabu wakasema ni jua kali na uchovu. Nimekubali wote waseme. Kwenye mihadhara waliniita tena, nikashika kipaza sauti, nikasema sijui, wakanizomea pande zote mbili, nami nikateremka. Sijakishika tena tangu siku hiyo. Kila kiangazi nikivuka mto huo nasalimu kwa sauti, hata kama hakuna mtu. Wachunga ng'ombe wananicheka, na mimi nawaacha wacheke.

Wewe amini unachoamini, au usiamini, hilo sikuingilii. Ila nakuonya jambo moja, na nakuonya kwa uchungu. Siku mgonjwa wako atakapokushika mkono akuulize yupo au hayupo, kaa chini. Mpe ulicho nacho, hata kiwe kidogo, hata kiwe ni kukesha naye mkijiuliza wote. Usimwambie mtaongea asubuhi. Mimi nilimwambia hivyo baba yangu, nikaenda kulala.