Mitapo Mitatu Kando ya Birika

Mume wangu alipofariki, wakwe zangu waligawana vitanda, sufuria, hata mlango wa jiko. Miti mitatu ya mitapo wakaniachia, kwa kuwa hailiwi wala hailaliwi. Marehemu aliichimba mwenyewe kwenye baridi ya Usambara, alikokuwa akijenga nyumba za Waingereza: vigogo vifupi vya magamba, na juu majani magumu, kama mnazi uliokataa kurefuka. Nikaisafirisha kwa lori na treni hadi Tabora kwa kaka yangu. Kila stesheni niliihesabu mara mbili, maana abiria wenzangu walikuwa na mikono mirefu.

Uani kwa kaka nilichimba mashimo mawili, nikamimina ndoo moja kila shimo. Juu, karibu na lango, penye changarawe na jua la asubuhi, maji yalizama kabla sijahesabu mia mbili. Kando ya birika la kutawadhia nilihesabu, nikaenda kusonga ugali, nikarudi. Maji bado yananitazama.

"Nitapanda huku juu, maji yasikotuama," nikamwambia kaka.

"Hapo nitaweka benchi la wateja." Alikuwa fundi cherehani. "Halafu umeitoa kwenye baridi, unakuja kuianika juani? Miti ya baridi inataka ubaridi. Peleka birikani."

"Inavumilia baridi, kaka. Kuvumilia si kupenda. Mimi mwenyewe nakuvumilia."

Akacheka. Nikajaribu miwili juu, mmoja birikani. Akakataa. Nikashuka: mmoja tu juu.

"Mdogo wangu, hapa si mnadani."

Nilikuwa nakula kwake. Nikaipanda yote mitatu birikani, meno nimeyauma.

Mvua zilipokolea, majani yakaanza kugeuka manjano kuanzia katikati. Nikabonyeza kigogo cha kwanza, kidole kikazama kama kwenye papai bovu. Cha pili hivyohivyo. Cha tatu kilikuwa bado kigumu. Benchi lenyewe, nikatazama, hata ubao haujanunuliwa.

"Labda miti ilikuja na ugonjwa wake," kaka akasema, uzi mdomoni.

"Ugonjwa wake ni wewe."

Nikaung'oa ule wa tatu, nikakata mizizi iliyooza, nikaipaka iliyobaki majivu, nikauacha ukauke siku kadhaa chini ya kitanda changu. Kisha, asubuhi kweupe, wateja wawili wakiwa barazani, nikachukua jembe nikaenda pale juu penye changarawe. Sikuomba ruhusa. Kaka akaja mbio na futi yake shingoni.

"Wewe, mbele za watu?"

"Mbele zao hasa."

Akasimama akiutazama mtapo, na pengo pale birikani. Sauti ikashuka.

"Ungeniambia kwamba ni ya marehemu."

"Nilikuambia siku ya kwanza. Nikakuambia tena siku ya pili."

Mteja mmoja akakohoa. Kaka akanyoosha mkono kunipokea jembe, sikumpa. Nikaendelea kufukia.