Kiondo cha Nyanya na Kisiwa cha Matumbawe

Enzi zetu pale kijijini Kanyakine, bahari tuliijua kwa kusomewa darasani tu. Kwa hiyo shule ilipotupeleka Pwani kuona kile kisiwa kidogo cha matumbawe, hifadhi ya taifa isiyokaliwa na mtu, kijiji kizima kilitufungia mizigo. Tulibebeshwa masweta mazito, maana wazazi walidhani penye maji mengi hivyo lazima kuwe na baridi kama ya kule Timau mlimani. Nyanya yangu alinijazia kiondo, kikapu chake cha kusuka, ndizi mbivu na nduma za kuchemsha. Kwetu huendi kwa watu mikono mitupu, wala chombo hakirudi kitupu. Akaniagiza kiondo kirudi na kitu cha baharini, kwa sababu yeye hakuwahi kuiona bahari na magoti yalishakataa safari.

Chakula tulikimaliza kwenye mashua, jasho likitutiririka ndani ya masweta. Tuliposhuka, nikakimbilia makombe ya baharini yaliyotapakaa mchangani. Askari wa hifadhi, mama mmoja mpole, akanizuia.

"Hapa hatuokoti hata kombe moja, mwanangu. Utakayobeba ni yale uliyoyaona."

Nilitamani kulia. Ningemwambia nini nyanya? Basi nikaamua kuona sawasawa. Wakati wa kuogelea ulipofika, wenzangu, waliojigamba kwa kuogelea mtoni, walikuwa wameng'ang'ania mashua kama kupe. Mimi nikavaa jaketi la kuelea na miwani, nikatia uso majini. Huko chini kulikuwa na matumbawe yaliyojikunja kama kabichi, samaki wa manjano wenye milia myeusi, wengine wa buluu tupu, na kasa aliyepita polepole kama mzee anayetoka kanisani. Nilifurahi mpaka nikanywa maji ya chumvi.

Nyumbani, nyanya alichungulia kiondo, akakiweka kando.

"Haya, niambie vile uliona. Usiruke kitu."

Nikasimulia mpaka chai ikapoa na majirani wakajaa jikoni. Jumapili akanisimamisha mbele ya akina mama wenzake, akatangaza kwamba nyumba yake imefika baharini. Sijawahi kutembea kwa maringo kama siku ile.

Wanangu hapa mjini Makutano wamekiona kisiwa hicho kwenye simu, huku wakila chipsi. Ukiwauliza wameona nini, wanakupa simu uangalie mwenyewe. Nyanya yangu hakuwa na simu. Lakini hadi anafariki alikuwa akiwaeleza wageni rangi za samaki ambao hakuwahi kuwaona, na hakukosea hata moja.