Kigoda cha Nana Konadu Hakisimamishwi

Kila asubuhi, kabla hajashika ufagio, Yaa Birago alivuka kamba ya jumba la makumbusho la Nsuokrom na kukilaza ubavu kigoda cha bibi yake. Kila alasiri Kwaku Agyekum, msimamizi wa jumba, alikisimamisha tena. Wiki tatu walikwenda hivyo, huku jumba likipangwa kwa ajili ya ufunguzi.

Nsuokrom hata mtoto anayeota meno anajua kwamba kigoda kisichokaliwa hulazwa, mzimu usio na kwao usije ukapita ukakaa mahali pa mwenyewe. Kwaku alijua. Bibi yake mwenyewe alikuwa akimchapa vibao kwa kosa hilo, na Birago aliviona vibao hivyo kwa macho yake. Angekuwa mgeni angemsamehe. Lakini mtu anayejua, kisha akafanya makusudi?

Nana Konadu, bibi yake Birago, alikalia kigoda kile miaka arobaini sokoni akiuza konokono. Alipokufa, Birago alimwogesha akiwa amekalishwa juu ya kigoda hichohicho. Halafu mwezi uliopita Wofa Antwi, mjomba wa Birago, alikibeba akakitoa zawadi kwa jumba, mpwa wake akiwa shambani, bila hata kumuuliza. Sasa kilikuwa na kadi mbele yake: "Kigoda cha Malkia."

"Kwaku, kadi hii inasema uongo," Birago alimwambia.

"Maame, nani atafunga safari kuja kutazama kiti cha muuza konokono?"

"Basi mfanye mama yako malkia, bibi yangu umwache!"

"Halafu kikilala nakshi hazionekani. Ni maonyesho tu, jamani."

"Maonyesho! Maji ya maiti yake yamepita kwenye mti huo, wewe unaniambia maonyesho?"

Kwaku alitazama saa yake. "Ukikigusa tena, Maame, utatafuta pengine pa kufagia."

Birago alishika ufagio. Alifagia chumba kile mara mbili, kwa nguvu, na vumbi lote akalisukumia mlangoni kwa Kwaku.

Siku ya ufunguzi alikuja amevaa kitambaa chekundu cha matanga. Watu walimuuliza nani amefariki. "Mtaambiwa," akajibu. Ngoma zilipigwa, wazee wakaketi, Wofa Antwi akiwa mstari wa mbele, ameng'aa kama sufuria mpya. Kwaku alisimama akasema jumba hili ni lenu, wananchi, kila kilichomo ni chenu.

Ndipo Birago alipovuka kamba na kukaa juu ya kigoda.

"Maame Birago! Inuka hapo!"

"Siinuki. Kigoda kikisimama kina mtu, na mtu mwenyewe ni mimi. Kama si mimi, hebu tuambie mbele ya wazee, Kwaku: umemsimamishia nani?"

Wazee waligeuka kumtazama Kwaku. Wapiga ngoma waliacha kupiga.

"Mjibu!" alipiga kelele mama mmoja wa soko la konokono. "Una mdomo wa hotuba tu?"

Kwaku alimkaribisha msemaji aliyefuata. Wofa Antwi alikuwa anatazama makubazi yake kana kwamba ndiyo kwanza anayaona.

Birago alikaa palepale hotuba zote zilizobaki, akakaa hata chakula cha fufu kikiliwa, na wageni walipomaliza kunawa mikono ndipo akainuka, akakilaza kigoda ubavu na kwenda zake nyumbani. Hakumuaga mtu.

Jumatatu aliletewa barua ya kufukuzwa kazi, na aliyeileta akamwambia kigoda kimesimamishwa tena. Aliisoma mara moja akawashia moto wa jikoni.

Jumanne aliingia jumbani kwa mlango wa mbele, kama mwananchi yeyote. Kwaku alimwona, akainamia karatasi zake. Kigoda kilikuwa kimelala ubavu, na safari hii aliyekilaza si Birago.

Birago hakusema asante. Kadi bado ilikuwa inasema Malkia. Akavuka kamba, akafungua mkoba, akatoa kalamu.